Mize Aliyezaliwa na Tabasamu

Paukwa!

*Pakawa!*

Paukwa tena, aliye mbali asikie!

*Pakawa, tumesogea!*

Mna masikio?

*Tunayo!*

Mna macho?

*Tunayo!*

Basi masikio nipeni mimi, macho tazamaneni ninyi kwa ninyi, maana ngano hii ni ya nyuso.

Hapo kale, kale hasa, njia zilipokuwa bado hazijui ziendako, palikuwa na mwanamke jina lake Mize. Siku aliyozaliwa, mkunga alimfuta uso, akamwinua kwenye mwanga, akapiga yowe.

"Jamani! Mtoto huyu anacheka!"

Hakuwa akicheka. Alikuwa akilia, kama mlivyolia ninyi nyote siku ile. Ila ncha za mdomo wake zilikuwa zimepinda kwenda juu, kama mwezi mchanga ulivyolala chali. Ndivyo alivyoumbwa. Akilala, anatabasamu. Akiumwa tumbo, anatabasamu. Akikasirika, meno yanang'aa.

Mnasema ni bahati? Ngojeni kwanza.

Akakua, akaolewa, akapata mwana, wakamwita Makame. Kisha mumewe akafa. Mize akakaa matangani, akalia mpaka kanga ikaloa. Waliokuja kuhani wakagusana viwiko. "Mtazameni, anafurahi." "Na hayo machozi?" "Machozi ya furaha hayo." Mama yake peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu mama yake hakuwa na desturi ya kumtazama mdomo.

Basi Mize akabaki na mama yake na mwanawe katika kijiji cha Mtakuja, ng'ambo ya mto. Makame alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Na alikuwa na tabia moja: uji hali mpaka mama yake aupulize mbele ya macho yake. Fuu, fuu, fuu. Akipuliza bibi, anageuza uso. Akipuliza Mize, kinywa wazi kama kinda la ndege.

Sasa, upande huu wa mto palikuwa na mji mkubwa, Kifunguni, na ndani yake ngome, na ndani ya ngome Sultani Mwinyimvua. Sultani huyo alifiwa na mkewe, akaachiwa binti mchanga anayetambaa, jina lake Raya. Alipomzika mkewe alirudi nyumbani, akamkuta mtoto anatambaa kutafuta harufu ya mamaye, chumba hadi chumba. Sultani akashindwa kuangalia. Akageukia ukuta, akasema maneno ambayo yakawa sheria:

"Mwanangu hataona huzuni tena. Kila atakayesimama mbele yake, atabasamu. Asiyeweza, atoke mjini kabla jua halijatua, na asirudi."

Basi ngome nzima ikatabasamu. Walinzi wakatabasamu, wapishi wakatabasamu, wafagizi wakatabasamu mpaka mashavu yakauma. Na yeye Sultani mwenyewe, kila akiingia chumbani kwa binti, alisimama kwanza nyuma ya mlango akaupanga uso wake, kama mtu anayepanga kilemba.

Lakini yaya hawakudumu. Mlezi ni mtu, ipo siku atachoka, ipo siku atapiga kite. Akatolewa wa kwanza. Akatolewa wa pili. Akatolewa wa tatu. Ndipo Sultani akatuma askari: "Nitafutieni mtu ambaye tabasamu halimtoki."

Wakatafuta huku, hakuna. Wakatafuta kule, hakuna. Wakavuka mto. Adhuhuri moja wakamkuta mwanamke anafua.

"Huyu!"

"Mimi nina mtoto," akasema Mize. "Yuko nyumbani, amelala."

"Lakini unacheka."

"Sicheki, wanangu. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Na ndivyo tunavyotaka."

Wakamchukua na mikono yake ina povu. Hakupata hata kuaga.

---

Mize alipofikishwa mbele ya Sultani alipiga magoti. "Bwana wangu, nina mwana mdogo Mtakuja, uji hali nisipompulizia. Niruhusu nirudi."

Sultani akamtazama, akacheka. "Una mzaha, bibi. Anayetamani kwao hana uso kama huo."

Mize akaenda kwa Waziri. "Bwana Waziri, moyo wangu unaungua."

Waziri akasema, "Moto bila moshi? Nenda kazini."

Mize akaenda kwa bawabu wa lango. "Baba yangu, nifungulie. Nitakufa kwa hamu ya mwanangu."

Bawabu akatikisa funguo zake. "Hata mimi ningependa kufa nikiwa na furaha kama yako."

Mnaona, watoto? Alisema. Alisema kwa kinywa chake, maneno yote yakatoka sawasawa. Lakini waliotazama mdomo hawakusikia mdomo ulichosema. Na sheria ya kuwatoa wenye huzuni ilikuwepo, lango lilikuwa tayari kumtapika, kama tu uso wake ungekubali kushuka. Alijaribu. Alijivuta ncha za mdomo kwa vidole. Alipoachia, zikarudi juu.

Akafuta macho, akaingia kwa mtoto.

Raya alikuwa amekwisha kuwa wa kukimbia na kuongea, meno ya utoto yote yamejaa. Alikuwa mzuri. Alikuwa pia, nisifiche, wa kutisha kidogo. Siku ile ile Mize alimwona jikoni. Mpishi, Fundi Ngwali, mafuta ya moto yalimrukia mkononi. Ngozi ikafura hapo hapo. Ngwali akaangalia, akamwona binti Sultani mlangoni, akatabasamu. Jasho linamtoka, na meno nje.

Raya akapiga makofi. "Rudia!"

Wewe uliyejificha nyuma ya dada yako, usimchukie. Nani alimwambia kuwa mafuta yanauma? Alimvuta paka mkia, watu wakatabasamu. Alimsukuma mtoto wa jirani akaanguka, watu wakatabasamu. Watoto walioletwa kucheza naye walikuja mara moja, hawakuja tena, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Mti hukunjwa ungali mbichi, ndiyo, lakini huu haukuwa na wa kuukunja.

Asubuhi moja Mize alimkuta dirishani. Chini, nje ya ukuta, watoto wa mji walikuwa wakiruka kamba. Raya aliwatazama. Uso wake ulitabasamu, kama alivyoona nyuso zote zikifanya. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika nondo za dirisha mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Mize akachuchumaa. "Una nini, Bibie?"

"Sijui, Yaya." Akajigusa kifuani. "Hapa pananivuta. Panaitwaje?"

"Panaitwa ukiwa."

"Ukiwa ni chakula?"

"Ukiwa ni njaa, mwanangu. Lakini si njaa ya chakula. Ni njaa ya mtu."

Raya akafikiri sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe huwa unaisikia?"

Mize akafungua kinywa aseme ndiyo. Mdomo wake, hasara yake, ukatabasamu. Raya akautazama, akaridhika, akarudi dirishani.

Pale pale Mize akaamua. Akasema moyoni: Mimi siendi popote, sawa. Lakini mtoto huyu sitamwacha gizani mchana kweupe.

---

Basi akamfundisha. Alimfundisha kwa siri, uani, kwenye jua la asubuhi, na wakawa na wimbo wao. Nitauimba, na ninyi mniitikie "nipo nawe." Haya!

*Uso, uso, wasema nini?*

*Nipo nawe.*

*Jicho, jicho, laficha nini?*

*Nipo nawe.*

*Mkono, mkono, wakamata nini?*

*Nipo nawe, nipo nawe, niambie.*

Ahsanteni. Somo la kwanza lilikuwa paka.

"Mshike mkia kama kawaida yako," akasema Mize. "Ila safari hii usimwangalie mkia. Angalia masikio."

"Yamelala nyuma."

"Na manyoya?"

"Yamesimama."

"Hiyo ni hasira. Mwenye hasira anakwambia: umevuka mpaka wangu. Ufanye nini?"

Raya akaachia mkia. Paka akaenda hatua chache, akageuka, akaketi. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akajisugua kwenye mguu wa mtoto, na Raya akabana pumzi kwa furaha asije akamshtua.

Somo la pili lilikuwa kifaranga. Mize alikiweka mkononi mwa Raya. "Sikiliza kwa kiganja."

"Kinadunda! Kinadunda haraka haraka!"

"Hiyo ni hofu. Wewe ni mkubwa kama kilima kwake. Ufanye nini?"

Raya akakaa chini ili asiwe kilima. Akafungua vidole. Akangoja. Kifaranga kikadunda, kikadunda, kikatulia, kikafumba jicho.

Somo la tatu lilikuwa mtu.

"Nenda mlango wa jikoni," Mize akanong'ona. "Mtazame Fundi Ngwali. Usitazame meno."

Raya akaenda, akarudi mbio. "Yaya! Meno yapo, lakini mabega yameshuka. Na anakoroga sufuria ambayo haina kitu!"

"Hiyo ni huzuni. Ufanye nini?"

"Nimwambie acheke zaidi?"

"Hapana, mwanangu. Kamuulize. Kisha ukae."

Raya akaingia jikoni. "Fundi, mabega yako yameshuka. Una nini?"

Ngwali nusura aangushe mwiko. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha. Hakuna mtu. Akasema polepole, "Dada yangu anaumwa, Bibie. Yuko mbali, nami sijamwona."

Binti Sultani akavuta kibao, akaketi karibu naye, wakachagua mchele pamoja, mawe huku, punje huku. Ulipokwisha mchele, mabega ya Ngwali yalikuwa yamepanda kidogo. Si sana. Kidogo. Akasema, "Ahsante, mama." Hakumwita Bibie. Na Raya akatoka pale anatembea taratibu, kama mtu aliyebeba maji yamejaa hadi ukingoni.

---

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo penyewe.

Mvua za masika zilikuja zikaenda. Zikaja tena. Kila asubuhi Mize alipika uji wa Raya, akamwekea bakuli. Na kila asubuhi, bila kujijua, alichota upawa mmoja zaidi, akaweka kwenye kikombe kidogo pembeni, akauinua, akapuliza. Fuu, fuu, fuu. Uji ukapoa. Akautazama. Kisha akaumwagia kuku.

Hakujua kama anafanya hivyo. Mikono ilifanya. Mikono ya mama haina sultani.

Asubuhi moja Raya aliacha kula. Alikuwa akitazama. Hakutazama mdomo.

"Yaya, unampozea nani?"

Mize akakishusha kikombe.

"Mimi uji wangu ninao. Huo unampozea nani?"

Mize akasema, "Mwanangu."

"Mimi?"

"Mwanangu Makame. Yuko Mtakuja, ng'ambo ya mto. Nilimwacha amelala."

Raya akamtazama macho. Akamtazama mikono. Akayaona yote yaliyokuwa mbele yake miaka hiyo: jinsi Yaya anavyosimama upande wa dirisha unaoelekea mtoni, jinsi anavyofunika mapaja kwa ncha ya kanga mvua ikinyesha, kama kuna mtu amelala pale. Mtoto akashika mdomo wake mwenyewe. "Kumbe," akasema. "Kumbe wewe hujacheka hata siku moja."

Mize hakuwa amepata kusikia neno lililomwingia kama hilo. Akaketi chini palepale, akalia. Na kwa mara ya kwanza tangu mama yake, alitazamwa na macho yanayoyajua machozi kuwa ni machozi.

Raya akajaribu kusaidia. Kwanza alikimbia akaleta mwanasesere wake mzuri, wa hariri. "Chukua, usilie." Mize akampokea, akasema ahsante. Macho yake yakabaki mtoni.

Kesho yake Raya akaja na kikombe kile kidogo. "Nipulizie mimi. Mimi nitakuwa Makame." Mize akapuliza, Raya akanywa wote, akalamba na kikombe. Mize akamkumbatia kwa nguvu, maana alimpenda, msidhani hakumpenda. Lakini macho yake yakabaki mtoni.

Siku ya tatu Raya alikuja mikono mitupu. Akaketi karibu naye. Akakaa mpaka kivuli cha ukuta kikasogea. Kisha akauliza, "Yaya, nifanye nini?"

"Nataka kwenda nyumbani, mwanangu."

Mtoto akainamisha kichwa. Pale kifuani panapovuta, pakamvuta sana. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa amemwambia ukweli, na mtu huyo alikuwa anaomba kuondoka. Angeweza kunyamaza. Mdomo wa Mize ungeendelea kutabasamu, na hakuna ambaye angejua. Mize aliyaona mapambano hayo yote kwenye shingo ndogo ile iliyoinama, akataka kusema, "Basi, acha, nitakaa." Maneno yalikuwa ulimini.

Raya akainua uso kabla hayajatoka.

"Nitakupeleka," akasema. "Ila sijui kufungua lango."

"Lango ni la baba yako."

"Baba anapenda vitendawili," akasema Raya, na jicho lake likawa jicho la sungura aliyeona shamba la njugu.

---

Siku ya baraza ikafika. Sultani kitini, Waziri kando, wazee wa mji kwenye mikeka, bawabu na funguo zake mlangoni. Wote wanatabasamu, maana binti yupo. Mize amesimama nyuma, ukaya wake wa kujifunika kichwa u begani.

Raya akasimama katikati. "Kitendawili!"

"Tega!" baraza lote likajibu.

"Nyumba yangu mlango unacheka, madirisha yanalia."

Wakakuna ndevu. Waziri akasema, "Nyumba ya arusi! Mlangoni vigelegele, dirishani mama wa biarusi analia."

"Sicho."

Mzee mmoja akasema, "Mvua ya jua."

"Sicho."

Sultani akafikiri, akafikiri tena. "Chungu jikoni! Mfuniko unacheka, pembeni mchuzi unachuruzika."

Watu wakacheka. "Sicho, Baba. Mmeshindwa. Nipe mji."

Mnajua sheria ya vitendawili, sultani na mtumwa ni mamoja: aliyeshindwa hutoa mji.

"Nakupa Mchangani," akasema Sultani.

"Mchangani nimekwenda, mchanga umeniingia machoni, nimerudi."

"Nakupa Mnazini."

"Mnazini nimekwenda, nazi imenidondokea, nimerudi."

"Wewe mtoto! Wataka mji gani?"

"Nipe huu tuliokaa."

Sultani akacheka, na safari hii alicheka kweli kidogo. "Haya, nakupa Kifunguni, na ngome yake, na lango lake."

"Shahidi nani?"

"Baraza zima!"

Raya akavuta pumzi. "Kifunguni nimekwenda, watu wamenikaribisha, kitini wameniketisha. Na neno langu la kwanza ni hili: lango lifunguliwe, Yaya Mize aende kwao kwa mwanawe."

Funguo za bawabu zikalia peke yake.

"Binti yangu," akasema Sultani, "Yaya amefurahi hapa. Mtazame."

"Baba, sijatoa jibu bado."

Akaburuta kigoda mpaka alipo Mize. Akapanda. Akachukua ncha ya ukaya, akamfunika Mize mdomo, taratibu, akaishikilia kwa viganja viwili. "Huo ndio mlango," akasema. "Sasa tazameni madirisha."

Wakatazama. Mize alikuwa amekaa katika nyumba ile mvua nenda mvua rudi, na ilikuwa mara ya kwanza watu wale kumtazama. Bawabu akainama. Waziri akageuza uso. Fundi Ngwali, aliyeshika sinia la kahawa, mabega yake yakaanza kutikisika.

Sultani akasimama. Mishipa ya shingo imemtoka. "Nani? Nani amemfundisha mwanangu huzuni?"

Waziri akababaika. "Sheria inasema... aliyeleta huzuni atolewe mjini kabla jua halijatua..."

"Ndiyo!" akasema Raya. "Mtoeni!"

Mcheke tu, nami nilicheka. Lakini Sultani hakucheka. Alimjia Mize kwa hatua kubwa, mkono juu. Mize hakurudi nyuma.

Raya akaruka kutoka kigodani, akasimama katikati. Ungedhani ataogopa. Aliogopa. Lakini alitazama. Akamwambia baba yake, "Inama, Baba." Na Sultani, sijui kwa nini, akainama. Kiganja kidogo kikamfunika mdomo.

"Juu kuna hasira," akasema mtoto polepole, anasoma. "Chini ya hasira kuna hofu. Chini ya hofu..." Akasogea karibu zaidi. "Baba, madirisha yako ni kama ya Yaya. Wewe una njaa ya nani?"

Kilemba cha Sultani kikateremka. Magoti yakafuata. Akasema ndani ya kiganja cha mwanawe, sauti ambayo ngome ile haikuwahi kuisikia:

"Ya mama yako."

Na akalia. Mbele ya wazee, mbele ya Waziri, mbele ya mlinda lango. Raya hakumwambia anyamaze. Hakuleta mwanasesere. Alikaa chini karibu naye, akamshika kidole kimoja, akangoja. Baada ya kitambo akauliza, "Mama alikuwaje?"

"Alikuwa," akasema Sultani, "alikuwa akiimba vibaya sana." Na akaanza kumsimulia.

Wakati huo bawabu alikuwa amekwisha kwenda. Lango lilisikika likifunguka.

---

Raya alimsindikiza Mize hadi langoni. Uso wake haukutabasamu. Ulikuwa umekunjamana wote, mwekundu, umeloa, uso wa mtoto anayelia, na watu walipishana wakaupa njia.

"Nikikutamani nifanye nini?"

"Useme. Mwambie baba yako, 'Namtamani Yaya.' Usiifiche hamu nyuma ya meno."

"Utarudi?"

Mize angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. "Sijui, mwanangu," akasema. "Ninachojua ni kwamba nami nitakutamani."

Akaondoka. Kila hatua ilimpeleka mbele na kumvuta nyuma. Alikuwa na hamu ya upande mmoja miaka yote ile, sasa akawa nayo ya pande mbili, na mto ulipomfika kiunoni alisimama katikati ya maji, hakujua anatazama wapi. Kisha akavuka.

Alimkuta mama yake anapepeta mtama. Na kando yake mtoto wa kiume, mrefu, magoti yana makovu. Ungo ukamwanguka bibi. "Makame! Mama yako huyu! Mkimbilie! Mkumbatie!"

Makame akajificha nyuma ya bibi. Bibi akamsukuma mbele.

"Mama, mwache," akasema Mize.

Ingawa mikono yake ilimuuma. Ingawa alikuwa amemwota kila usingizi. Alimtazama mwanawe, akaona masikio, akaona vidole, akaona kifua kinavyokwenda haraka. Akaketi chini, mbali kidogo, asiwe kilima.

"Kwa nini unacheka?" Makame akauliza kwa ukali.

"Sicheki, baba. Mdomo wangu ndivyo ulivyoumbwa. Nitazame juu yake."

Mtoto akatazama, kisha akaokota mchanga akamrushia miguuni. "Uliniacha!"

"Ndiyo. Nilichukuliwa, lakini wewe uliachwa. Una hasira."

"Nina hasira!"

"Nipo."

Akarusha tena. Mize hakuondoka. Akarusha tena. Mize hakuondoka. Mbuzi wakarudi zizini, bibi akawasha moto, mtama ukapikwa. Makame akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. Akapita mbali, akapita karibu. Mwishowe akaketi, amempa mama yake mgongo. Akajisogeza nyuma kidogo. Akajisogeza tena. Hata mgongo wake mdogo ukagusa mgongo wa Mize, ukaegemea, kwanza kidogo, kisha kwa uzito wake wote.

Hawakuonana nyuso. Lakini Mize alisikia kwa mgongo jinsi mtoto anavyopumua, na jinsi pumzi zilivyoanza kukatika.

"Siku nyingine," akasema Makame, "usiondoke nimelala."

"Sitaondoka umelala," akasema Mize.

Na hakumwambia asilie. Wakalia wote wawili, mmoja anatazama nyumba, mmoja anatazama mto.

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Ikiwa tamu, mgawieni na asiyekuja. Ikiwa chungu, niachieni, ni ya kwangu. Mimi nilipita Mtakuja siku hiyo, wakanipa maji, nikanywa nikaondoka. Na kama mnadhani nasema uongo, msiniulize mdomo.

*Tukuulize nini?*

Nitazameni machoni.